Udongo wa miombo unavyopumua

Aliyewahi kuishi Tabora, kwenye misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, anaijua mvua ya kwanza ya Novemba. Ardhi imekauka kwa miezi, matone yanaanza kuanguka, na harufu ya udongo inapanda hata kabla hujaona tope. Pamoja na harufu hiyo kuna kitu kisichonusika kinachotoka: hewa ukaa. Bakteria na kuvu waliojilalia kiangazi kizima wanaamka, wanakula mboji na mizoga ya wenzao waliouawa na ukame, na kwa siku chache udongo unahema kuliko kawaida. Wataalamu wanaiita athari ya Birch, kwa jina la H. F. Birch, mtafiti aliyeieleza mwaka 1958 akifanya kazi Muguga, jirani na Nairobi.

Hilo ni tukio moja tu katika kinachoitwa ubadilishanaji wa gesijoto, yaani udongo unatoa nini hewani na unameza nini kutoka hewani. Gesi zinazohesabiwa ni tatu: hewa ukaa, methani na naitrasi oksaidi. Hiyo ya mwisho hutoka kidogo, lakini gramu yake moja hupasha dunia joto takriban mara 270 ya gramu ya hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100.

Kwamba mti hufyonza hewa ukaa, kila mwanafunzi anajua. Kwamba udongo mkavu hufyonza methani, wengi hushangaa. Wapo bakteria ambao methani ndiyo chakula chao, na udongo wa kichanga wa miombo, ulio na matundu ya kupitisha hewa, unawafaa sana. Bondeni kwenye mbuga, ambako maji hutuama masika, mambo hugeuka: huko methani hutengenezwa.

Sasa ingiza shoka. Mti ukikatwa, mizizi yake inaacha kupumua, na kipimo cha hewa ukaa kinaweza hata kushuka. Hapo ndipo watu hudanganyika. Udongo unaonekana umetulia, kumbe unakula akiba: majani hayaanguki tena juu yake, jua linaupiga moja kwa moja, na mboji iliyojengwa kwa miaka inaoza bila kurudishiwa. Kwa hiyo kipimo cha siku moja, yaani lile boksi linalofunikwa juu ya ardhi na hewa yake kuvutwa kwa bomba la sindano kila baada ya dakika kadhaa, hakitoshi kusema msitu uko salama. Lazima ujue pia kinachoingia.

Mifugo nayo ina yake. Kwato zikikanyaga njia ileile kila siku, udongo unashindiliwa, matundu yanaziba, na methani haiwafikii walaji wake. Tanuri la mkaa ni doa dogo lakini kali. Udongo wa chini yake umeokwa kwa siku nyingi, na utaliona duara jeusi muda mrefu baada ya magunia kuondoka. Moto wa mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita juujuu. Ule wa Septemba ndio wa kuogopa.

Kwangu mimi jembe ndilo zito kuliko yote. Mwombo uliokatwa huchipua kisikini, kwa hiyo mchoma mkaa akiondoka kuna kinachobaki. Mkulima wa tumbaku hung'oa visiki, kisha huleta mbolea. Udongo wa miombo kwa asili una naitrojeni haba, hivyo naitrasi oksaidi yake ni kidogo. Mbolea ikikutana na mvua kubwa, gesi hiyo huongezeka. Amonia iliyomo kwenye mbolea hiyo pia huwazuia wale bakteria kula methani.

Na hawarudi upesi. Huko Denmark na Scotland, kwenye mashamba yaliyoachwa yakawa misitu tena, ufyonzaji wa methani ulichukua zaidi ya miaka 100 kufikia kiwango cha msitu wa zamani. Miti ilikuwa imekwisha kurefuka zamani.