Mpira Ambao McLain Alimpa Mantle: Dhana Potofu na Ukweli

Alhamisi, Septemba 19, 1968, uwanja wa besiboli wa Tiger Stadium mjini Detroit, Marekani. Kipindi cha 8 kati ya 9, Detroit Tigers wanaongoza 6 kwa 1. Kwenye kichuguu, kile kilima kidogo cha mrushaji mpira, amesimama Denny McLain, kijana wa miaka 24, mrushaji bora wa ligi yake msimu ule. Anayekuja kupiga ni Mickey Mantle wa New York Yankees, miaka 36, magoti yamekwisha, na wengi uwanjani wanahisi hawatamwona tena Detroit. Watazamaji wanasimama wakimpigia makofi, ingawa ni mgeni.

Mantle alianza kuichezea Yankees mwaka 1951, McLain akiwa mtoto wa miaka 7 pembezoni mwa Chicago. Mwaka 1956 Mantle alipoongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa mipira ya kuvuka ukuta na kwa pointi alizowezesha, McLain alikuwa na miaka 12, umri ambao mtoto akishachagua shujaa wake hamwachi. Na sasa shujaa huyo amesimama mita 18 mbele yake.

McLain akamwita mdakaji wake, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, Jim Price, akamwambia amfikishie Mantle ujumbe: mipira inayokuja ni ya moja kwa moja, haina hila. Mantle hakuamini. Mpira wa kwanza aliuacha upite, mwingine akaugusa ukatoka pembeni. Kisha akaonyesha kwa mkono ni wapi anautaka. McLain akautuma hapo hapo, na Mantle akaupeleka jukwaa la juu upande wa kulia. Wanaoucheza mchezo huu huita pigo hilo homurani: mpira umevuka ukuta, mpigaji anazunguka vituo vyote bila kusumbuliwa na mtu. Ilikuwa ya 535 katika maisha yake.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa zaidi ya miaka 50, na kila kinapopita mdomo mmoja kinaongezewa chumvi. Nakipenda mno kukiacha kiharibike hivyo.

Dhana: McLain aliuza mechi

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linamgeuza kijana aliyetoa heshima kuwa mla rushwa.

Tazama hali ilivyokuwa. Tigers walikuwa wameshatwaa ubingwa wa Ligi ya Amerika, moja ya ligi kuu mbili za mchezo huu, siku mbili kabla, Septemba 17. Siku ile hapakuwa na msimamo wa kubadilika wala timu ya tatu ya kuumizwa. Pengo lilikuwa la pointi 5, na hakuna mchezaji wa Yankees aliyekuwa kwenye kituo, kwa hiyo homurani ingeweza kuleta pointi moja tu. Ikaleta moja. Mechi ikaisha 6 kwa 2, na McLain akaandikiwa ushindi wake wa 31. Siku 5 kabla, Septemba 14, alikuwa ameifunga Oakland na kuwa mrushaji wa kwanza kufikisha ushindi 30 tangu Dizzy Dean mwaka 1934. Hadi leo hajatokea mwingine.

Tena ile pointi moja haikupotea hewani. Mrushaji hupimwa kwa wastani wa pointi anazoruhusu kwa mechi, ukiwa mdogo ndiyo bora, na zawadi ile iliandikwa kwenye hesabu yake mwenyewe. Alimaliza msimu kwa wastani wa 1.96, pigo la Mantle likiwa ndani yake. Aliyelipa gharama ni yeye aliyetoa.

Dhana yenyewe inatoka wapi? Nadhani inatoka mwaka 1970, McLain aliposimamishwa na kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, kwa kujihusisha na shughuli za kamari. Hilo lilitokea kweli, na baadaye maisha yake yalikuwa na mabonde mengine mazito. Ila lilihusu mambo ya mwaka 1967, wala si mpira huu. Mtu akishaanguka, watu hurudi nyuma na kuyapaka matope hata mema yake ya zamani. Si haki.

Na kwa anayedhani kwamba McLain alikuwa akigawa mipira kama pipi siku ile, amkumbuke Joe Pepitone. Yeye ndiye aliyefuata kupiga. Akaonyesha kwa mkono, kama alivyofanya Mantle, kwamba naye anautaka mpira mahali fulani. McLain akamrushia uliompita karibu na mwili hadi akalazimika kuukwepa. Shikamoo haigawiwi kila anayepita njiani.

Dhana: Ukishapewa mpira, homurani ni ya bure

Wanaosema hivi hawajawahi kushika gongo. Kutoka kichuguu hadi sahani, pale anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Mpira wa kasi wa mrushaji wa kiwango cha juu hufika kwa takriban sekunde 0.4, na ndani ya muda huo mpigaji lazima auone, aamue, na azungushe gongo la duara ligongane na mpira wa duara. Akichelewa kidogo sana, unakwenda pembeni. Akiugonga chini ya kitovu chake kuliko inavyotakiwa, unapaa juu na kuanguka mikononi mwa mtu. Kujua unakuja wapi ni msaada mkubwa, lakini nguvu na wakati wa kupiga bado ni kazi ya mwenyewe. Mantle alijua, na bado mpira ule mwingine aliugusa tu ukatoka nje.

Kisha ukumbuke mwaka wenyewe. 1968 huitwa mwaka wa warushaji. Bob Gibson wa St. Louis alimaliza kwa wastani wa 1.12, na aliyeongoza Ligi ya Amerika kwa kupiga, Carl Yastrzemski, alifanya hivyo kwa wastani wa .301 tu, yaani mapigo 3 hivi ya kufanikiwa katika kila 10. Warushaji walitawala kiasi kwamba mwaka uliofuata wenye mchezo walikishusha kichuguu kutoka inchi 15 hadi inchi 10, yaani kutoka sentimita 38 hivi hadi 25. Mantle mwenyewe alimaliza msimu ule kwa .237. Alikuwa akicheza kituo cha kwanza kwa sababu miguu haikuweza tena kukimbia uwanja wa nyuma, miguu ileile iliyoanza kumsaliti tangu goti lilipoumia kwenye fainali za 1951.

Ni mzee huyo, kwa miguu hiyo, katika mwaka huo, aliyeupeleka mpira jukwaa la juu. McLain alifungua mlango. Aliyeingia ni Mantle.

Dhana: McLain alimpa Mantle rekodi

Hapana. Babe Ruth na Willie Mays walikuwa mbele kwa mbali, na hakuna mpira wa zawadi ambao ungewafikia. Mantle alikuwa amelingana na Jimmie Foxx kwenye 534. Ya 535 ilimweka peke yake nafasi ya 3 katika orodha ya wakati wote. Leo wengi wameshampita.

Foxx alikuwa amefariki Julai 1967, mwaka mmoja na ushee kabla. Litunze jina hilo, linarudi hapa chini.

Dhana: Kijana anayempenda mpinzani wake hawezi kumshinda

Huu ndio moyo wa jambo. Watu wengi huamini kwamba mapenzi ya utotoni ni mzigo mkononi mwa mrushaji: akimwona shujaa wake, mkono utatetemeka. Kwamba heshima na ushindani haviwezi kukaa chumba kimoja.

Lakini McLain alishinda mechi ile. Alikuwa amewazuia Yankees kwa vipindi 7, Mantle akiwa miongoni mwao, kabla ya kumpa mpira wowote. Mwaka huo alimaliza mwenyewe mechi 28, akatwaa tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji bora wa ligi kwa pamoja. Heshima haikumlegeza. Alichagua wakati wake: mshindi wa ligi amejulikana, mechi imeshikwa, mzee anaaga.

Rudi nyuma hadi Novemba 20, 1934, mjini Shizuoka, Japani. Timu ya nyota wa Kimarekani ilikuwa ziarani ikiwagaragaza wenyeji kila mahali. Siku ile Wajapani walimpa mpira Eiji Sawamura, kijana wa miaka 17 aliyetoka shule ya sekondari. Mbele yake walikuwa watu ambao Japani nzima iliwajua kwa majina. Aliwatoa wanne mfululizo kwa straiki 3 kila mmoja, yaani kila mmoja alishindwa mara 3 kuupiga mpira: Charlie Gehringer, Babe Ruth, Lou Gehrig na Jimmie Foxx. Ndiyo, Foxx yuleyule. Wamarekani walishinda 1 kwa 0 kwa homurani ya Gehrig ya kipindi cha 7, lakini aliyebaki kwenye kumbukumbu ya Wajapani ni yule mtoto. Sawamura alikufa vitani Desemba 1944, meli aliyopanda ilipozamishwa, na tangu 1947 kuna tuzo ya warushaji nchini mwake inayobeba jina lake.

Wapo watakaoniletea maneno ya Shohei Ohtani. Machi 21, 2023, Miami, kabla ya fainali ya dunia dhidi ya Marekani, aliwaambia wenzake wa Japani waache kuwastaajabia nyota wa upande wa pili, akiwemo Mike Trout, kwa sababu ukimstaajabia mtu huwezi kumpita. Maneno hayo yalizunguka dunia nzima, ila watu huacha nje kipande muhimu: alisema kwa siku ya leo tu. Hakuwaambia wang'oe mapenzi yao. Aliwaomba wayaweke kabatini kwa saa chache. Japani ikashinda 3 kwa 2, na mtu wa mwisho kutolewa alikuwa Trout, akitolewa na Ohtani mwenyewe.

McLain alifanya hivyohivyo kwa mpangilio wa kinyume. Aliyaweka kabatini kwa vipindi 7, kisha akafungua.

Dhana: Mrushaji mchanga asiyejulikana ndiye aliye pabaya

Mara nyingi ni kinyume chake. Mpigaji mzoefu huishi kwa kumbukumbu: anaujua mkono huu, anajua mpira wake unapinda vipi. Kwa mgeni hana cha kukumbuka. Machi 2023 Duque Hebbert wa Nicaragua, miaka 21, aliwatoa nyota watatu wa Jamhuri ya Dominika, Juan Soto, Julio Rodríguez na Rafael Devers, katika kipindi kimoja, na klabu ya Detroit, ileile ya McLain, ikampa mkataba papo hapo.

Shida huja mara ya pili. Oktoba 11, 1978, Bob Welch wa Los Angeles Dodgers, miaka 21, alikabiliana na Reggie Jackson, mpigaji mzoefu wa Yankees, kipindi cha 9, wenzake wakiongoza 4 kwa 3 na Yankees wakiwa na watu wawili kwenye vituo. Baada ya mipira 9 Jackson akatolewa, na akaondoka kwa hasira. Siku 6 baadaye walikutana tena, na safari hii mpira wa Welch ulivuka ukuta. Mzee alikuwa amesoma.

Dhana: Hiyo ilikuwa homurani ya mwisho ya Mantle

Ingependeza kama ingekuwa hivyo, na ndiyo maana husimuliwa hivyo. Lakini kesho yake, Septemba 20, Yankees walikuwa nyumbani New York wakicheza na Boston. Mrushaji alikuwa Jim Lonborg, aliyetwaa tuzo ya mrushaji bora wa Ligi ya Amerika mwaka uliotangulia, na yeye hakutuma ujumbe wowote kwa mdakaji. Mantle akaupiga mpira wake nao ukavuka ukuta. Hiyo ndiyo ya 536. Hakupiga nyingine, na Machi 1, 1969, alitangaza kwamba ameacha kucheza.