Spindo moja, amri kutoka sehemu mbili

Mashine yangu ya milingi, ile ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ilikuwa ya mkono kabisa kabla sijaifungia mota za kuendeshwa na kompyuta, na sikutaka ile njia ya mkono ife. Kutoboa matundu mawili au kusawazisha uso wa kipande cha chuma hakuhitaji programu. Unakibana kwenye jiriwa, unawasha, unachonga, unazima. Kwa hiyo spindo, yaani shafti inayozungusha kisu, ilibidi itii sehemu mbili: vitufe vilivyo mbele yangu, na LinuxCNC, programu ya kompyuta inayoendesha mashine.

Karakana ina umeme wa fezi moja, volti 230. Mota ya spindo ni ya fezi tatu, kilowati 1.5, nguzo nne (za sumaku). Kinachoziunganisha ni inveta; sisemi ile ya sola na betri, bali ile inayopokea fezi moja, ikatoa fezi tatu, na kukuruhusu kubadilisha hezi ili kasi ipande au ishuke. Soma kibao cha mota kabla ya kitu kingine chochote. Changu kimeandikwa 230/400, na mota ilikuja imefungwa staa kwa ajili ya volti 400; staa na delta ni namna mbili za kuunganisha koili za mota. Inveta ya namna hii haitoi zaidi ya volti 230, hivyo nilifungua kiboksi cha mota na kuhamisha vile vibati vya shaba nikaifunga delta. Ukiiacha staa itazunguka vizuri tu ikiwa haina mzigo, ila kisu kikishaingia kwenye chuma itakosa nguvu.

Mafundi wengi hufikiria kwanza kuweka swichi kubwa kwenye nyaya tatu za mota. Usifanye hivyo. Ukikata nyaya zile mota ikiwa na mzigo, mshtuko wa umeme unairudia inveta na unaweza kuua transista zake. Inveta na mota ziunganishwe moja kwa moja, na kinachobadilishwa kiwe ishara ndogo peke yake: amri ya kuzunguka, inayoingia kwenye tominali ya inveta iitwayo FWD, na kasi, inayoingia kwenye tominali ya AVI kama volti 0 hadi 10.

Upande wa kasi ni mwepesi. Kwa mkono ninatumia potenshometa ya kiloomu 10, ile ile ya namna ya kitufe cha sauti cha redio: ncha moja kwenye +10 ya inveta, ncha nyingine kwenye ACM (sifuri ya ishara hizo), waya wa katikati unakwenda kwenye swichi ya kuchagulia. Kwa kompyuta, bodi ya kiolesura inageuza mapigo ya volti 5 kuwa volti 0 hadi 10. Hakikisha sehemu hiyo ya bodi imetengwa kwa optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana, umeme wa inveta usipate njia ya kuingia kwenye kompyuta. Swichi inachagua ni waya upi kati ya hiyo miwili ufike AVI.

Amri ya kuzunguka ndiyo iliyonifundisha adabu. Mwanzoni niliweka swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima upande wa mkono. Siku moja mashine ikiwa upande wa kompyuta, nilikuwa nabadilisha kisu, spana iko juu kwenye boliti ndefu inayokaza koleti, kishikio cha kisu. Nikageuza swichi ya kuchagulia kwenda mkono. Ile swichi ya kuwasha ilikuwa imebaki imewashwa tangu jana yake. Spindo ikaanza, spana ikagonga kichwa cha mashine na kuruka hadi ukutani. Nilikuwa nimesimama upande wa pili, alhamdulillahi. Siku hiyo hiyo niling'oa nyaya zote za udhibiti.

Sasa swichi ya kuchagulia ina nafasi tatu: mkono, sifuri, kompyuta. Upande wa mkono una vitufe viwili vya kubonyeza, kijani na chekundu, na relei (swichi inayovutwa na sumaku ya koili) ya volti 24 inayojishikilia. Ukibonyeza kijani relei inavuta, na mguso wake mmoja unaendelea kuilisha koili baada ya kidole kuondoka. Mguso wa pili ndio unaoipa inveta FWD. Njia ya kulisha koili inapita kwenye kitufe chekundu na kwenye swichi ya kuchagulia, kwa hiyo ukigeuza tu swichi, relei inaachia. Ukirudi mkono, hakuna kinachozunguka mpaka ubonyeze kijani tena.

Upande wa kompyuta una mtego wake. Programu ikiwa imeshatoa M3, amri ya kuwasha spindo, nawe ukageuza swichi kutoka sifuri kwenda kompyuta, spindo itaondoka. Nimepeleka mguso mmoja wa swichi kwenye ingizo la bodi, na LinuxCNC nimeipanga hivi: ikiona swichi haiko kwenye kompyuta, inaifuta amri ya spindo. Kitufe cha dharura nacho kinakata amri za pande zote mbili kwa waya, bila kuomba ruhusa ya programu yoyote.

Kasi nimeipanga hivi: volti 10 ni hezi 100, ambazo kwa nguzo nne ni kama mizunguko 3,000 kwa dakika. S1500, yaani amri ya mizunguko 1,500, inatakiwa isome volti 5 kwenye AVI. Yangu ilikuwa ikirukaruka kati ya 4.6 na 5.2, na spindo unaisikia inahema. Nilihangaika na bodi jioni nzima kabla ya kuona kwamba waya wa ishara niliufunga kamba pamoja na waya wa mota. Niliweka waya uliofunikwa kwa wavu wa shaba, wavu nikauunganisha na ethi upande wa inveta peke yake, kisha nikaupitisha mbali na waya wa mota. Sasa inasoma 5.0 na imetulia.

Chini ya hezi 20 sichongi kwa muda mrefu, kwa sababu feni ya mota inakaa kwenye shafti yake na inazunguka polepole pamoja nayo. Nikitaka kasi ndogo yenye nguvu nahamisha mkanda kwenye puli. Na ukifungua inveta, zima umeme, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kijitabu chake, kisha pima: kapasita za ndani hukaa na takriban volti 325, na taa kuzimika si dalili kwamba zimeisha.