"Nimeimba mimi, wimbo ni wangu"

Wiki iliyopita msanii mmoja alinijia, akanichezea kwenye simu wimbo wake unaovuma na kuniambia: "Huu ni wangu, nataka kuuhamishia kwa msambazaji mwingine." Biti alitengeneza nani? "Mshikaji." Maneno je? "Jamaa fulani alinisaidia verse ya pili." Na studio alilipa nani? "Meneja wangu wa zamani." Dakika mbili hazijaisha, wimbo "wake" una watu wanne wenye la kusema juu yake, na hakuna hata karatasi moja.

Nimechoka kulirudia hili, lakini nitalirudia. Sauti yako si hati ya umiliki. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno, ambao ni wa waliotunga, na mara nyingi aliyetengeneza biti ana fungu lake humo. Halafu kuna rekodi yenyewe, ndiyo masta. Sheria ya Uingereza, kwa mfano, humtambua kama mtayarishaji wa rekodi yule aliyefanya maandalizi ya kurekodi, awe ameimba au hakuimba. Ukisaini na lebo, yaani kampuni ya muziki, kwa kawaida mkataba ndio unaoamua masta ni ya nani, na wengi husaini bila kufika ukurasa huo.

Hapo ndipo mtu hunikata kauli: "Mbona Taylor Swift alirekodi upya?" Ndiyo, mwimbaji huyo wa Marekani alirekodi, ili apate masta mpya zilizo zake mwenyewe. Masta za albamu zake sita za kwanza ziliuzwa mwaka 2019 pamoja na lebo iliyokuwa ikizimiliki. Akaanza kutoa matoleo mapya mwaka 2021, na masta za zamani akazinunua mwaka 2025. Ila aliweza kwa sababu nyimbo zile alizitunga mwenyewe au alishiriki kuzitunga, na muda wa katazo la kurekodi upya lililokuwa kwenye mkataba wake ulikuwa umepita. Wewe uliyeimba maneno ya mwenzako juu ya biti ya kukodi utarekodi upya nini? Biti ya kukodi, kwanza, inaweza kuwa imekodishwa kwa wengine kumi, na leseni nyingine huwa na kikomo cha mara ngapi wimbo usikilizwe. Isome.

Ushauri wangu ni uleule, na wasanii hunicheka: usitoke studio kabla ya kuandika nani ana asilimia ngapi. Karatasi ya daftari inatosha, ilimradi majina kamili, asilimia na sahihi za wote zimo. Usiku ule wimbo hauna thamani, kwa hiyo hakuna anayegombana. Ukishavuma, kila mtu anakumbuka alichangia nusu.

Mengine ninayoambiwa na wasanii, ambayo si kweli, nayapitia haraka.

"Sijasajili, kwa hiyo sina haki." Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ulioanzia mwaka 1886, hauruhusu hakimiliki ifungwe kwenye usajili. Usajili hukusaidia kwenye ushahidi na kukusanya mirabaha, yaani malipo unayopata kazi yako inapotumika.

"Sekunde chache za wimbo wa mtu ni bure." Hakuna idadi ya sekunde za bure. Omba ruhusa.

"Advansi ni mshahara." Ni pesa unayopewa na lebo mapema, nayo huikata kwenye mirabaha yako, na mara nyingi hukata na gharama za kurekodi na za video. Mtu anaweza kuwa na wimbo mkubwa na asipate senti kwa miaka.

"Muziki ni kuwa nyota au kuacha." Hili huniumiza kidogo, maana vijana wenye kalamu nzuri huja wakilazimisha kuimba. Mtunzi ambaye hakuna anayemjua sura hulipwa mirabaha ya utunzi hata mwimbaji akisahaulika. Mpiga gitaa wa kukodiwa, kwa upande mwingine, mara nyingi hulipwa siku ile tu, labda mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo mpiga gitaa akija kwangu, namuuliza kama ameshaingia studio. Kama bado, tunazungumza. Kama tayari, tunatafuta alisaini nini.