Je, wajua kwa nini developa hudhani ameeleweka?

Miaka mingi niliamini developa, yaani mtu anayeandika programu za kompyuta, akieleza kitu na watu wasielewe, ni kiburi, hataki kujishusha. Nilikuwa naongoza timu ndogo hapa Nairobi, ofisi iko Ngong Road, na hiyo imani ilinifanya nikaripie watu ambao hawakustahili. Mara nyingi si kiburi. Mwenye kiburi anaona hujaelewa na hajali, lakini huyu haoni kabisa kwamba hujaelewa, na ukimkaripia ananyamaza tu, kesho haelezi chochote.

Mwaka wa 1990 Elizabeth Newton, akisomea uzamifu Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alipanga watu wawili wawili: mmoja anagonga mdundo wa wimbo maarufu mezani, mwenzake anabahatisha ni wimbo gani. Wagongaji walitarajia nusu ya nyimbo zitambulike. Kati ya nyimbo 120 zilitambulika 3.

Jaribu leo na mtu wa kwenu. Ukigonga, kichwani mwako wimbo unaimba wote, sauti, maneno, hadi kinanda, na huwezi kuuzima hata ukitaka. Yeye anasikia ko, ko-ko, ko, kama mtu anabisha mlango. Halafu jichunguze moyoni, utakuta umeshaanza kumkasirikia, mbona hapati na ni rahisi hivi? Hiyo hasira ndiyo ilikuwa inatuvunjia timu.

Kwetu developa alimwambia dada wa kastoma kea, "jibu la malipo linafika kabla oda haijaseviwa." Kwake huo ulikuwa wimbo mzima. Dada akasema "sawa", akarudi kwa simu, akaanza kuambia wateja walipe tena, na kumbe pesa yao ilikuwa imeshafika. Na hiyo "sawa" yetu mara nyingi ni heshima tu, mtu hataki kukuchosha.

Ofisini lakini kuna bosi, kuna woga, kuna aibu ya kuuliza mara ya pili, vitu ambavyo huo mchezo wa mezani haukupima, kwa hivyo hizo namba usizibebe vilevile.

Sa hii hatuulizi "umeelewa?" Developa anauliza "utamwambia mteja nini?" halafu anatulia asikilize. Wiki iliyopita yule dada alijibu, "Nitamwambia pesa yake imefika, oda ndiyo imechelewa, asilipe tena." Developa akaichukua hiyo sentensi akaiandika kwa tiketi, ile rekodi ya tatizo la mteja, neno kwa neno.