Maji ya moto hayana kosa: dhana potofu kuhusu sufu ya kusokota

"Osha sufu kwa maji baridi, ya moto yataiharibu." Maneno haya yamenichosha. Nayasikia Njoro, nayasikia Mau Narok, huku nyanda za juu za Kenya, na anayeyasema huwa amebeba gunia la sufu ya manjano inayonata mkononi na isiyochanika, akiuliza mbona uzi wake unakatikakatika kwenye gurudumu la kusokotea.

Mafuta ya sufu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 40 hivi. Chini ya hapo hayabanduki, hata ubadilishe maji mara kumi. Maji baridi huondoa vumbi na chumvi ya jasho la kondoo, na kwa kazi hiyo ni mazuri. Mimi huloweka sufu usiku kucha kwenye maji ya mvua. Lakini kuloweka si kuosha.

Kinachoshikanisha sufu hadi iwe bonge ni mkono wako, mama. Kila unyoya una magamba madogo yanayoelekea upande mmoja. Ukiulowesha na kuusugua, magamba hunasana na hutayatenganisha tena. Sasa mwenye kuogopa maji ya moto hufanyaje? Anaona mafuta hayatoki, anashika sabuni ya kipande na kuifikicha sufu kama soksi za mwanafunzi. Ile sabuni ina ukali wa magadi unaoyafungua magamba zaidi. Anamaliza akiwa na bonge, halafu lawama anayatupia maji ya moto ambayo hata hakuyatumia!

Fanya hivi. Ukiwa Molo, kwenye mwinuko wa mita 2,500 hivi, maji huchemka yakifika nyuzi 92 hivi, si 100. Sufuria mbili za maji yanayochemka kwa moja ya baridi zitakupa nyuzi 65 au karibu na hapo. Ukiweza kutulia na mkono ndani, yamepoa mno. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha sufu ikiwa ndani ya wavu wa vitunguu. Ibonyeze izame, uondoke. Usikoroge. Dakika 15 zatosha. Ukingoja maji yapoe, mafuta yaliyotoka huganda tena kwenye sufu, na kwa baridi ya Molo maji hayasubiri umalize gumzo. Rudia kama bado inanata, kisha suuza kwa maji ya joto lilelile, bila kuifungulia mfereji juu yake. Na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe isikaribie kabisa: hula sufu na kuiacha manjano.

Wengine husema kondoo ni kondoo. Hapana. Dorper na kondoo mwekundu wa Kimaasai ni wa nyama. Manyoya ya Dorper ni mafupi, hupukutika yenyewe, na yamechanganyika na nywele ngumu zisizoshika rangi. Tafuta Corriedale, Merino au Romney Marsh. Anayejifunza namwelekeza kwa Corriedale, kwa sababu Merino ni laini mno na humtesa mkono usiozoea.

Eti kilo ya sufu ghafi ni kilo ya uzi? Ikishaoshwa yaweza kupungua hadi nusu. Pima iliyo safi kabla ya kumtajia mteja bei ya sweta.

Kishonanguo, ile mbegu ya gugu inayonasa kwenye manyoya, nacho hakitoki kwa maji, na ukikipitisha kwenye kadi, yaani brashi ya meno ya waya ya kuchania sufu, kinavunjika vipande vinavyokuchoma hadi kwenye sweta iliyokamilika. Tandaza sufu yote chini kabla ya kuosha, utoe ya tumboni, yenye kinyesi na yenye miiba. Tupa bila huruma, au weka kwenye mboji.

Kuna pia wanaomsifu mkata manyoya kwa kurudisha mkasi palepale ili kondoo apendeze. Vipande vifupi anavyoviacha ndivyo vinundu unavyoviona kwenye uzi. Mlipe apite mara moja tu, kondoo abaki na mistari.

Na kabla ya kutoa pesa, shika kishungi cha sufu ncha mbili, kisogeze sikioni, ukivute kwa nguvu. Kikilia kama uzi wa gita, nunua. Ukisikia kukatikakatika, huyo kondoo aliugua au alikosa malisho manyoya yakikua, na hakuna kuosha kutakakoyatibu.