Hodi ni mara tatu tu

Mimi kazi yangu ni kutafutia kampuni za kliaringi (za kutoa mizigo bandarini) na malori wateja wapya hapa Mombasa, yaani ndo yule anakupigia saa nne asubuhi na wala hamjuani. Siku hizi kila mtu ananiuliza, AI si itakumaliza wewe? Kazi ya kutuma, ndio, imeshakwisha. Ya kubisha hodi bado.

Manake zamani kuandika imeli mia ilikuwa kibarua cha siku nzima, saa hii programu inakutolea elfu kumi na kahawa yako pale Mwembe Tayari haijapoa, kila moja na jina la mtu wake. Tatizo jirani yako nae anayo. Bosi wa godauni kule Shimanzi anaamka anakuta meseji thelathini, zote tamu, zote pacha, anafuta zote na yako imo.

Na milango inafungwa. Tangu Februari 2024 Gmail inataka anayetuma imeli 5,000 na kuendelea kwa siku athibitishe domeini yake (lile jina baada ya @) kwa SPF, DKIM na DMARC, yaani alama za kuonyesha imeli imetoka kwake kweli, anayepokea akitaka kujitoa iwe ni kubonyeza mara moja, na wanaomripoti spamu (imeli taka) wasifike asilimia 0.3. Watu 3 kwa 1,000, basi! Ukipita hapo hata invoisi ya mteja wa miaka mingi yaweza kuishia spamu (yamenikuta, sitaki kuyakumbuka). WhatsApp nako wakikublok wengi, akaunti yako yaweza kufungwa. Halafu Kenya kuna sheria ya kulinda data ya 2019, namba ya mtu huitumii kibiashara bila ridhaa yake, kwa hivyo zile listi za kuuziana chini ya meza achaneni nazo.

Mimi AI naipa kazi ya upelelezi. Isome matangazo ya kazi usiku kucha, kampuni ikitafuta madereva na stookipa ghafla ujue mzigo umeongezeka, hapo nina sababu ya kupiga simu ya ofisi leo na si jana. Simu napiga mwenyewe. Asiposhika narudi siku ya pili, halafu wiki ijayo, kimya, naenda zangu. Kwetu hodi ya nne watu wanaanza kuchungulia dirishani nani huyu.

Juzi bosi mmoja nilomuacha mwezi wa tatu kanipigia mwenyewe, kontena mbili zimemkwamia bandarini. Nikamuuliza namba yangu bado unayo? Akacheka, kaisevu "Malori Asosumbua".