Kiota bandia cha nyigu: ni nini, na kinafukuza kweli?

Kiota bandia cha nyigu ni kitu kilichotengenezwa kifanane na makazi ya nyigu, kikatundikwa barazani au chini ya paa ili nyigu anayetafuta pa kujenga adhani pana wenyewe, apite zake. Vinavyouzwa mtandaoni huwa vya kitambaa au karatasi ya kijivu, vimetuna katikati na kuchongoka kwa chini. Asiyetaka kununua hujaza magazeti makuukuu kwenye mfuko wa kaki, akaufunga mdomo kwa uzi na kuuning'iniza. Hakuna dawa ndani yake wala harufu. Kazi yote inaachiwa macho ya nyigu.

Wazo hili limetoka nchi za baridi, na huko lina mantiki yake. Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kundi la nyigu kwa kawaida huishi msimu mmoja tu. Baridi ikiingia, vibarua (nyigu wafanyakazi wa kundi) hufa, malkia mzee naye hufa. Wanaosalia ni malkia wachanga waliokwisha kupandana na madume, ambao hujificha kwenye magome ya miti na nyufa za nyumba mpaka joto lirudi. Kuanzia Aprili hivi hutoka kuanzisha makazi mapya, na mara nyingi kila mmoja huanza peke yake, bila kibarua hata mmoja. Kuna pia mavu wakubwa, kama Vespa crabro wa Ulaya, wanaowinda nyigu wadogo na kuwala. Ndiyo maana watetezi wa kiota bandia husema malkia akiona makazi makubwa ya wengine yananing'inia pale, hatathubutu kuweka msingi jirani.

Hata tukikubali hoja hiyo, ina mipaka ambayo wauzaji hawaisemi kwa sauti. Kiota bandia kinalenga nyigu anayetafuta pa kujenga, si anayetafuta chakula. Nyigu mwenye kwao husafiri mamia ya mita kutafuta riziki. Akinusa soda au embe lililoiva mezani atakuja tu, hata ukitundika mifuko mitatu ya kaki juu ya kichwa chako. Tena lazima kitundikwe mapema. Wakishajenga hawahami kwa sababu ya karatasi.

Swali la je, kinafanya kazi? Mimi sitoi hela yangu. Nyigu hamtambui jirani kwa umbo la nyumba yake peke yake. Miili yao imepakwa mafuta yenye harufu ya kundi, na sega lenyewe hubeba harufu hiyo. Wapo hata wanaotambuana kwa sura: mwaka 2002 mtafiti Elizabeth Tibbetts alionyesha kwamba nyigu wa Marekani aitwaye Polistes fuscatus humjua mwenzake kwa michoro ya usoni. Mdudu wa namna hiyo akizungukia mfuko usionuka, usio na mlinzi, usiotoka mtu wala kuingia, hana sababu ya kuuogopa kwa muda mrefu. Ni kinyago cha shambani ambacho ndege wamekwisha kukizoea na sasa wanakitulia kichwani.

Halafu huo wivu wa eneo wenyewe, yaani nyigu kukataa kujenga jirani na wengine, umetiwa chumvi. Polistes dominula, nyigu wa Ulaya aliyeonekana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea kwa kasi, anaweza kuwa na viota kadhaa chini ya paa moja. Majike wengine hujiunga na kiota cha mwenzao, au hutwaa kilichoachwa yatima. Kwa hao, dalili kwamba pana makazi inaweza hata kuwavutia.

Kwetu Afrika Mashariki jambo linakuwa gumu zaidi, kwa sababu mfuko ule wa kijivu unaiga jengo ambalo si la hapa. Umefanana na kiota cha Dolichovespula maculata wa Marekani ya Kaskazini, ambaye hufunika masega yake kwa tabaka za karatasi na kuacha tundu dogo kwa chini. Sasa inua macho kwenye kenchi za banda la kuku au chini ya bati la stoo. Utakachokiona ni sega moja lililo wazi kabisa, halina kifuniko, vijumba vyake vinahesabika, na lote limeshikwa na kikonyo chembamba cheusi. Juu yake wamesimama nyigu wa kahawia wenye miguu mirefu na kiuno kile ambacho watu husifia wanawake kwacho. Hao ni jamii ya Belonogaster. Majike kadhaa huweza kuanzisha kiota pamoja, kwa hiyo hata ile picha ya malkia mpweke mwenye hofu haiwahusu sana. Mfuko uliotuna utawaambia nini?

Kikonyo hicho kinastahili kutazamwa. Adui mkubwa wa kiota ni siafu na sisimizi, ambao wakifika kwenye sega humaliza mayai na watoto wote. Nyigu wa aina hii hubakiza njia moja tu nyembamba ya kufika kwenye sega, kisha huipaka ute wa kufukuza sisimizi unaotoka tumboni mwao.

Wale wanaobandika mirija ya udongo ukutani au nyuma ya picha ni habari nyingine kabisa. Hao ni jamii ya Sceliphron, hawana kundi wala vibarua. Jike hujenga peke yake, hujaza kila chumba buibui aliowapooza kwa sumu, hutaga yai, huziba, huondoka. Ni nadra kumchoma mtu. Kumtishia kwa kiota cha kundi ni kupoteza karatasi.

Kinachosaidia hasa ni kupiga jicho chini ya paa mara kwa mara, hasa kwenye pembe zisizonyeshewa mvua. Kiota kichanga chenye vijumba vichache na nyigu mmoja au wawili hung'olewa kwa ufito mrefu, alfajiri au jioni kukiwa na ubaridi, ukiwa umevaa mikono mirefu na njia ya kukimbilia iko wazi nyuma yako. Kwangua na mabaki ya kikonyo, maana mahali palipomfaa mmoja huwafaa na wengine. Mianya kati ya ukuta na paa izibwe kwa wavu, chakula na taka vifunikwe. Kilichoko kwenye mwembe wa uani, mbali na njia ya watoto, kiacheni: hao huwalisha watoto wao viwavi, na viwavi hivyo vingekula mchicha wenu.

Kiota kikubwa kilicho juu ya mlango ni cha kumwachia mwenye vifaa. Mwenge wa matambara uliochovywa mafuta ya taa, ambao bado watu huutumia, ukipelekwa kwenye paa la makuti unaweza kuondoka na nyumba nzima. Tofauti ya nyigu na nyuki si uchungu tu: nyigu haachi mwiba wake mwilini, hivyo mmoja anaweza kuchoma mara nyingi. Aliyechomwa akianza kuvimba midomo au uso, kuwashwa mwili mzima, kupumua kwa shida au kuona kizunguzungu, asisubiri vitunguu vya kusugulia. Apelekwe hospitali hapo hapo, hata kama amechomwa mara moja tu.